Fuwele Isiyo na Nasaba

Katika sanaa zote za maabara sidhani kama ipo inayompokea mgeni kwa ukarimu kuliko sanaa ya kukuza fuwele, maana mtu akishapata chupa mbili za unga safi, maji yaliyokenekwa, bika la kioo, karatasi ya kuchujia na kipande cha plastiki cha kufunikia kilichotobolewa matundu machache kwa ncha ya sindano, na juu ya hayo yote akaruzukiwa subira, basi baada ya majuma matatu au manne atakuta chini ya bika lake vijiwe vyenye nyuso zilizonyooka na pembe kali, ambavyo hakuna mkono wa sonara uliovichonga. Furaha ya kuviona mara ya kwanza ni furaha ya halali, wala simlaumu mwanafunzi anayevipanga juu ya karatasi ya miraba na kuvipiga picha kabla hajajua ni vitu gani. Ninalolalamikia ni kwamba picha hiyo ya karatasi ya miraba imegeuka, katika majarida mengi ya sayansi, kuwa nusu nzima ya ushahidi, na nusu ya pili aghalabu haisomwi na mtu kwa makini, pengine hata na yule aliyeiandika.

Nazungumzia fuwele za ogania, yaani zile ambazo molekuli zake zimejengwa juu ya kaboni, zinazokuzwa kwa ajili ya ilimu iitwayo optiki isiyo mstari. Ilimu hiyo yahusu nuru inayoingia ndani ya kitu ikiwa na rangi moja na kutoka ikiwa na nyingine. Tangu Ibn al-Haytham alipoandika Kitabu cha Manadhiri huko Misri, mwanzoni mwa karne ya 11, na kwa karne nyingi baada yake, wataalamu walijua kwamba nuru ikikutana na kioo hupinda, hurudishwa au hudhoofika, lakini haikuwapitikia kwamba mwale mwekundu ungeweza kuingia katika jiwe angavu na sehemu yake ikatoka haina wekundu tena. Kuliona jambo hilo kulihitaji nuru kali kupita zote zilizojulikana, nayo haikupatikana mpaka Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza ya yakuti huko California, mwezi wa Mei mwaka 1960.

Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Peter Franken na wenzake watatu walielekeza mwale wa leza ya namna hiyo, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694.3, ndani ya kipande cha kwatzi, wakaitawanya nuru iliyotoka na kuipokea juu ya bamba la picha. Palipotua nuru nyekundu paliungua doa kubwa jeupe. Na mbali kidogo, mahali pa nanomita 347.2, yaani nusu ya urefu ule, pakaonekana kidoa hafifu kabisa, nacho ndicho kilikuwa habari yenyewe. Makala ilipopelekwa kuchapishwa, mtayarishaji wa picha alidhani kidoa kile ni uchafu wa bamba, akakifuta kwa nia njema, na makala ikatoka ikiwa na mshale mweusi unaoelekeza patupu. Wasomaji waliamini hata hivyo, kwa kuwa waandishi walikuwa wameeleza ni leza gani, ni jiwe gani, limekaa kwa mwelekeo gani na nuru imepimwaje, kiasi cha mwingine yeyote mwenye vifaa kuweza kurudia. Wengi walirudia, na mmoja wa waliojenga nadharia ya mambo hayo, Nicolaas Bloembergen wa Harvard, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1981. Leo hata vitochi vya leza ya kijani, ambavyo mashabiki wasio na adabu huwamulikia makipa viwanjani, hupata ukijani wao kwa njia hiyo hiyo: nuru isiyoonekana ya nanomita 1064 hupitishwa katika fuwele ndogo ikatoka na nanomita 532.

Lakini si kila fuwele huliweza jambo hilo, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ziko fuwele ambazo mpango wake wa ndani una kitovu, kwamba kila atomi iliyo upande mmoja inayo ya pili yake, ya aina ile ile na kwa umbali ule ule, upande unaoelekeana nao. Katika fuwele ya namna hiyo kila msukumo ambao nuru ingeufanya kuelekea huku hubatilishwa na msukumo kama huo kuelekea kule, na nuru ya nusu wimbi haizaliwi. Chumvi tunayotia katika mchuzi ina kitovu, na shabu ambayo kinyozi humpaka mteja baada ya wembe ina kitovu. Sukari haina, na sukari iliyosagwa, ikimulikwa kwa leza, hutoa kweli nuru hiyo, ijapokuwa kwa uchache. Tatizo la fuwele za ogania ni kwamba yapata robo tatu yake zina kitovu, kwa sababu molekuli yenye upande chanya na upande hasi hupenda kulala ikiwa imempa mwenziwe miguu kwa kichwa. Njia mojawapo ya kulikwepa hilo ilikwisha kufunguliwa tangu mwaka 1848, pale kijana Louis Pasteur alipokaa mjini Paris akizitenga kwa mkono fuwele za chumvi ya tindikali ya zabibu, zile za mkono wa kulia mbali na zile za mkono wa kushoto; kwani molekuli yenye mkono mmoja, ikiwa peke yake bila ile ya mkono wa pili, haiwezi asilani kujenga fuwele yenye kitovu. Asidi amino zote zinazounda protini za viumbe zina mkono, isipokuwa moja tu, glisini. Naomba msomaji aishike glisini katika kumbukumbu, maana nitairudia.

Zipo pia molekuli zilizofanikiwa bila mkono. Yurea, ile ile ambayo Friedrich Wöhler aliitengeneza mwaka 1828 bila figo ya mnyama yeyote, na ambayo mkulima wa mahindi wa Mbeya au Kitale huinunua kwa mfuko kukuzia shamba lake, hujipanga katika fuwele isiyo na kitovu, hupitisha nuru hadi karibu na nanomita 200, na kwa miaka mingi imekuwa mojawapo ya mizani ambazo fuwele nyingine za ogania hupimiwa. Mwaka 1989 Seth Marder, Joseph Perry na William Schaefer walitangaza huko Marekani chumvi ya ogania, ijulikanayo kwa kifupi DAST, ambayo unga wake ulitoa nuru ya nusu wimbi mara 1000 kuliko yurea ulipopimwa kwa leza ya karibu nanomita 1900. Siri yao ilikuwa kuichukua molekuli yenye chaji na kuibadilishia mwandani wake wa chaji ya kinyume, mmoja baada ya mwingine, mpaka walipompata yule anayeilazimisha kulala upande mmoja. Fuwele za DAST hutumika leo kuzalisha mawimbi ya terahezi, yale yaliyo kati ya mikrowevu na infraredi. Lakini mkuzaji akizembea, maji yakaingia katika methanoli anayoitumia, badala ya fuwele nyekundu huota fuwele za rangi ya chungwa, zenye molekuli ile ile pamoja na maji, na hizo zina kitovu, hazifai kitu kwa kazi hii. Bahati ya wenye DAST ni kwamba kosa lao lina rangi. Makosa mengi katika sanaa hii ni meupe kama usahihi wenyewe.

Nisieleweke kwamba naidharau kazi ya bikani. Kupata fuwele kubwa na safi ni jambo la kumtoa mtu jasho. Kwanza huteuliwa mbegu, chembe isiyo na ufa wala ukungu, ikatazamwa chini ya kioo cha kukuzia, ikafungwa kwa uzi mwembamba wa nailoni na kutundikwa katikati ya mmumunyo uliokolea kupita kiasi chake cha kawaida, nao umewekwa ndani ya hodhi la maji ambalo joto lake hushikiliwa lisitetereke zaidi ya sehemu moja ya mia ya digrii. Kisha joto hushushwa kidogo kidogo, siku kwa siku. Ukiharakisha, fuwele humeza maji ya mmumunyo na kubaki na mapovu na utando mweupe moyoni. Umeme ukikatika usiku, hodhi hupoa ghafla na kesho yake mbegu yako imezungukwa na mamia ya chembe zisizoalikwa, zikigombea unga uliokuwa haki yake. Asidi amino zina balaa lao jingine, kwamba ni chakula: walioikuza fuwele ya fosfati ya L-ajinini, iliyotoka China katika miaka ya 1980, waligundua mapema kwamba vijidudu huota katika mmumunyo wake kabla ya fuwele kumaliza kukua. Naye asemaye kwamba nchi zinazoendelea hazichangii kitu katika sanaa hii na aambiwe kwamba mojawapo ya mbinu zitumikazo sana sasa, ya kukuza fuwele kuelekea upande mmoja tu ndani ya mrija wa kioo wenye mbegu chini na joto juu, ilibuniwa India na Sankaranarayanan na Ramasamy, ikatangazwa mwaka 2005, na haihitaji mtambo wa fahari.

Ni huko huko India ya kusini, hata hivyo, na baadaye katika nchi nyingine, ambako makala za kukuza fuwele na kuchunguza sifa zake ziliongezeka mpaka zikawa mafuriko, na kila moja ikifuata kanuni moja: chukua asidi amino, chukua chumvi ya madini au asidi fulani, vichanganye majini kwa kiasi sawa, subiri, kisha ipe fuwele jina lililoundwa kwa kuunganisha majina ya vitu vyote viwili vilivyotiwa. Kuwakalisha watu wawili katika chumba kimoja si kuwaozesha, na ndivyo ilivyo kwa vitu viwili ndani ya bika. Mara nyingi kile kisichopenda maji sana hujitenga peke yake na kuwa fuwele, huku mwenziwe akibaki katika mmumunyo na kumwagwa pamoja nao. Wavuja jasho wa mashamba ya chumvi ya pwani yetu hawahitaji kufundishwa hili, maana wao huyapitisha maji ya bahari kutoka bwawa hadi bwawa wakijua kwamba jasi itatangulia kutua, chumvi itafuata, na yale maji machungu ya mwisho yenye magnesi hayana budi kuondolewa kabla hayajaiharibu chumvi. Hakuna mmoja wao aliyewahi kuuza gunia lenye jina la bahari nzima.

Sasa turudi kwa glisini. Ikikuzwa katika maji matupu, hutoa umbo liitwalo alfa, ambalo lina kitovu. Lakini ikiwa katika maji mmeongezwa chumvi ya kawaida au baadhi ya vitu vingine, hujipanga kwa umbo la gama, ambalo halina kitovu na hutoa nuru ya nusu wimbi. Mkuzaji asiyekuwa mwangalifu huchanganya glisini na chumvi, hupata fuwele nzuri, huimulika, huona kijani, na hutangaza kwamba amezaa chumvi mpya ya glisini, ilhali mkononi ameshika glisini ya gama, iliyokwisha kujulikana tangu miaka ya 1950. Mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Goa, B. R. Srinivasan, amejipa kwa miaka mingi kazi isiyo na shukrani ya kuzisoma makala za namna hiyo na kuonyesha, kwa hesabu za waandishi wenyewe, kwamba fuwele waliyoitangaza siyo waliyoikuza. Michael Fleck wa Austria na A. M. Petrosyan wa Armenia waliandika mwaka 2010 juu ya matatizo hayo hayo, na mwaka 2014 wakatoa kitabu kizima juu ya chumvi za asidi amino. Burhani yao haihitaji leza. Chumba kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya glisini ya gama kina upande wa angstromu 7.03 na kimo cha angstromu 5.48, na angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita; makala ikitangaza kitu kipya chenye chumba cha vipimo hivyo hivyo, basi kitu hicho kina jina lake la zamani, na sodiamu inayodaiwa kuwamo haina hata pa kukaa.

Ajabu ni kwamba makala hizo huwa hazikosi vipimo. Zimejaa: nuru ya infraredi, mipaka ya uangavu, ugumu wa uso chini ya ncha ya almasi, uzito unavyopungua kwa joto, tabia ya umeme. Mchoro hufuata mchoro, na kila mchoro husomwa kwa kuutafutia lile jina lililokwisha kutolewa. Kipimo cha nuru chenyewe, kilichowekwa na Kurtz na Perry mwingine, si yule wa DAST, mwaka 1968, kinapendwa kwa wepesi wake, maana fuwele husagwa, unga hupakiwa baina ya vioo viwili, mwale usioonekana hupitishwa, na chombo huhesabu ukijani unaorudi. Lakini wenyewe walikitoa kiwe cha kuchagulia tu, cha kumwonyesha mtu kama yafaa aendelee, na walieleza wazi kwamba jibu hubadilika kwa ukubwa wa punje. Unga usiochekechwa ukilinganishwa na unga mwingine usiochekechwa hutoa namba isiyo na mwenyewe. Kuna hata makala zilizotangaza nuru ya nusu wimbi kutoka katika fuwele ambazo waandishi wao wenyewe wameripoti kuwa na kitovu, na wahariri wakazipitisha.

Rai yangu kwa vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, ambavyo sasa vinawapeleka vijana katika ilimu ya vitu vipya, ni kwamba tuingie katika sanaa hii kwa mlango wa muundo, wala tusiingie kwa mlango wa bika. Umoja wa Mataifa uliuita mwaka 2014 Mwaka wa Kimataifa wa Ilimu ya Fuwele, na mwanzoni mwa mwaka 2023 wataalamu wa fuwele wa bara zima walikutana Nairobi. Hali haiko tena kama zamani, kwamba mtu asome habari za Laue na akina Bragg, waliofungua njia ya kuusoma muundo wa fuwele kwa eksirei, vitabuni tu. Mtambo wa eksirei wa fuwele moja ni ghali, nakiri, na utunzaji wake ni ghali zaidi, lakini fuwele inayohitajika ni ndogo kama punje ya mchanga, husafiri ndani ya bahasha, na maabara yenye mtambo huweza kuipima mara nyingi kwa muda wa usiku mmoja. Vipimo vya chumba chake vikishajulikana, huweza kutafutwa bila malipo katika hazina ya wazi ya miundo ya fuwele iliyoko kwenye intaneti, na ile hazina kubwa ya Cambridge, iliyoanza mwaka 1965, ilipokea muundo wake wa milioni moja mwaka 2019. Kati ya miundo milioni moja, uwezekano kwamba mchanganyiko wako wa jana umekwisha kukuzwa na mtu ni mkubwa kuliko unavyopenda.

Nitaambiwa kwamba kwa utaratibu huo makala zitapungua na wahadhiri vijana watachelewa kupanda cheo. Makala zitapungua, naam. Ama kuhusu cheo, hilo ni la kamati za vyuo wala si la fuwele, na kamati inayoweza kuhesabu inaweza pia kukubali kwamba muundo mmoja uliothibitishwa, pamoja na vipimo vyake ghafi vilivyowekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuvihakiki, una uzito wa makala tano za karatasi ya miraba. Na msimamizi wa tasnifu anaweza kuanza leo, kwa kukataa kutia saini sura ya pili mpaka mwanafunzi wake amemwonyesha, kwa eksirei, kilichomo ndani ya fuwele aliyoipa jina katika sura ya kwanza.